Mchanga, alumina au msasa? Kununua chembe za kupimia metali inavyolika

Kabla ya kuulizia bei, uliza chombo chako kinalikaje huko kazini. Jembe la plau hulika kwa mchanga. Mipira ya kinu cha mgodi wa dhahabu hulika kwa mawe yenye kwatzi nyingi, yaani madini magumu yanayounda sehemu kubwa ya mchanga. Ukinunua chembe bila swali hilo, maabara itakupa namba safi zitakazokufanya uchague chuma kisichofaa.

1. Mchanga wa kwatzi wa mviringo, 50/70 (namba za chekeche zinazoonyesha ukubwa wa chembe). Kwangu huu unaongoza. Ndio unaotakiwa na kiwango cha ASTM G65 (ASTM ni shirika la viwango la Marekani), jaribio la mchanga mkavu na gurudumu la mpira, na huchimbwa Ottawa, Illinois, Marekani. Piga hesabu ya kilo mapema: Utaratibu A wa kiwango hicho ni mizunguko 6000 ya gurudumu, yaani kama nusu saa, na mchanga humwagika gramu 300 hadi 400 kwa dakika. Sampuli moja hula kilo 9 hadi 12, na mchanga uliokwisha kutumika haurudiwi. Mfuko wa kilo 25 ni sampuli mbili tu! Unyevu usizidi asilimia 0.5, maabara za pwani zitahitaji oveni ya kuukaushia.

2. Alumina, yaani oksidi ya alumini. Ugumu wake ni kama 2000 kwenye kipimo cha ugumu cha Vickers, karibu mara mbili ya kwatzi, kwa hiyo inafaa kabaidi (misombo migumu ya kaboni) na mipako migumu ambayo mchanga huikwaruza kidogo mno. Lakini angalia chuma cheupe chenye kromu: kabaidi zilizomo ndani yake huishinda kwatzi, ila alumina huzikata. Ukikipima kwa alumina, utakiona dhaifu kuliko kilivyo shambani au mgodini.

3. Msasa wa silikoni kabaidi. Ni rahisi kuupata, unafaa kulinganisha haraka. Sampuli ipite kwenye msasa mpya muda wote, maana uliotumika umeshakuwa butu. Tahadhari ya kromu inauhusu pia.

4. Ganeti, madini mengine magumu. Si mbaya, lakini matokeo mengi utakayotaka kujilinganisha nayo yamepimwa kwa kwatzi.

Mchanga wa mtoni nauweka mwisho, isipokuwa ndio hasa unaokula chombo chako. Hapo uoshe, ukaushe, uchekeche, na uchote wa kutosha jaribio zima kwa mara moja.

Oda ya kwatzi iambatane na barakoa za vumbi laini na feni ya kuvuta vumbi. Vumbi hilo huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu, na mapafu yakishapata makovu hayaponi.