Kidhibiti kasi cha mashine ya mbao: kitu chenyewe kizuri, aliyeniuzia hapana

Kama unapasua mbao kwa mashine ya kuhamahama kama yangu, na umeme unaovuta ni wa fezi moja, ule wa kawaida wa majumbani, soma hii kabla hujampa mtu hela yako. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikianza, hasira zinanipanda upya.

Mashine yangu ni ya msumeno wa bendi, mota ya kilowati 4, fezi tatu. Naizungusha vijiji vya Sikonge na Uyui, popote penye magogo yenye kibali na nguzo ya umeme jirani. Huko fezi tatu ni bahati. Ndiyo maana nikatafuta kidhibiti, boksi la umeme linalokaa kati ya nguzo na mota: kinapokea fezi moja, kinatoa tatu, na kasi unaiongeza au kuipunguza kwa kuzungusha kitufe tu. Duka la kwanza walinipa kile kidude cha kupunguzia kasi ya drili. Kile ni cha mota za brashi, zile zenye vipande vya kaboni vinavyosuguana ndani, kwa mota kama yangu hakifai hata kidogo. Nikashukuru, nikatoka.

Duka la pili, hapo hapo Tabora mjini, ndiko nilikokutana na huyu bwana. Jina la duka naliacha. Nikamweleza taratibu: "Kaka, umeme wangu fezi moja, kibati cha maelezo ya mota hiki hapa nimekipiga picha." Picha hakuitazama. Macho kwenye simu yake. "Mota kilowati nne, boksi kilowati nne. Unataka nini tena, mzee?" Akaliweka kaunta, nikalipa.

Mashine ikizunguka tupu, raha. Ukipasua mkaratusi mwembamba, raha pia. Shida ilikuja siku tulipopandisha gogo la mninga bichi, nene, mwenye gogo kasimama pembeni na fuso yake inasubiri mzigo. Katikati ya gogo kioo cha boksi kikaanza kumweka, mota kimya. Wasiojua watadhani unawasha tena unaendelea. Thubutu! Msumeno ukisimama ndani ya mninga unabaki umeng'atwa. Unapiga kabari kwenye mkato, unaurudisha nyuma kidogo kidogo kwa mikono, na ule utomvu mwekundu umeshachanganyika na vumbi, umeganda kwenye meno kama gundi. Ukimaliza unawasha, unasogea hatua mbili, linazima tena. Mwenye gogo akaniuliza kama hii mashine ni ya kupasua au ya kuonyesha. Ubao uliotoka una mawimbi, nani atanunua?

Nikalirudisha. Sasa sikilizeni majibu. "Umeliunguza mwenyewe." Nikamwambia halijaungua, linajizima likipata mzigo. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Mpasua mbao anataka kunifundisha umeme." Halafu akanionyesha kidole kwenye risiti, palipoandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Nina wajukuu, mimi. Nikatoka nikasimama chini ya mwembe nje pale mpaka nilipoona naweza kutembea bila kumrudia.

Aliyeniokoa ni binti mmoja fundi, huwa anafunga umeme wa nyumba kijijini kwetu. Hakufungua hata skrubu moja. Aliligeuza boksi ubavu, akasoma kibandiko: umeme wa kuingia, fezi tatu. Akanieleza hivi. Ndani mle umeme hugeuzwa disii kwanza, yaani kama wa betri, unahifadhiwa kwenye kapasita, vidude vya kuweka umeme kwa muda mfupi, ndipo unatengenezwa upya kuwa fezi tatu za kasi unayotaka. Ukiingiza fezi tatu, kapasita zinajazwa mara 300 kwa sekunde. Fezi moja, mara 100 tu. Msumeno ukizama kwenye mninga kapasita zinapungukiwa kabla hazijajazwa, boksi linajizima kujilinda. Kwa hiyo kama halikutengenezwa mahususi kwa fezi moja, chukua kubwa, karibu mara mbili ya mota. Akaangalia na mota: kibati kinasema volti 230/400, basi kwa boksi la volti 220 inafungwa delta, siyo sta, hizo ni namna mbili za kuunganisha nyaya za mota. Hiyo ilikuwa sawa tayari.

Basi boksi halikuwa bovu. Nilipoweka la kilowati 7.5, jamani, nalisifia bila kulipwa. Zamani, nilipobahatika kupata fezi tatu, mota ya kuwasha moja kwa moja bila boksi ilikuwa inavuta umeme mara tano, sita, ya kawaida yake, taa za jirani zinafifia na mama wa mgahawa anatoka na mwiko kunisema kuhusu friji lake. Sasa kasi inapanda polepole, sekunde kumi hivi, hakuna anayejua nimewasha. Mninga napunguza kasi kidogo, mbao inatoka imenyooka. Usipunguze sana tu, maana feni ya mota iko kwenye shafti yake, ikizunguka taratibu mota inachemka. Na kusimama usiliharakishe: yale magurudumu ya bendi ni mazito, yanarudisha umeme ndani ya boksi, linazima kwa volti kuzidi. Vumbi nalo ni adui, nimelitundika mbali na msumeno na feni yake naipuliza kila jioni.

Ningekuwa mtu wa kusamehe ningeishia hapo. Lakini hilo kubwa nimelipata wapi? Kwa bwana yule yule! Binti alinisindikiza, akamtajia fezi moja, kilowati, ampea. Jamaa akaweka simu chini, sauti ikawa ya upole, "sawa dada, sawa fundi", akageuka nyuma na kuliteremsha kutoka kwenye rafu. Lilikuwa pale. Siku ile ya kwanza nilikuwa nalitazama juu ya bega lake bila kujua. La zamani akalipokea kwa nusu bei, eti limeshatumika, na ya kuongezea nikaitoa mfukoni palepale.

Binti alipoomba aandikiwe waranti nyuma ya risiti, aliandika. Mimi nilipoomba siku ile, aliniambia kalamu imeisha wino.