Mate au tone la damu? Kukusanya sampuli za jeni mtaani Kisumu

Wakazi wa Nyalenda au Ahero wanaotaka kushiriki utafiti wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, wana njia mbili: kutema mate kwenye chupa yenye dawa ya kuhifadhi, au kutobolewa kidole na damu kudondoshewa kwenye kadi ya karatasi maalumu inayoinyonya.

Mate hayaumi, na mtu huyatoa mwenyewe nyumbani. Asile, asinywe wala asivute sigara kwa dakika 30, kisha ateme mpaka mate yafike mililita 2. Povu halihesabiwi, na hapo ndipo wengi hukosea: chupa huonekana imejaa, kumbe mate ni nusu tu. Kichanga, bila shaka, hatemi kwa kuagizwa.

Kadi ni nafuu na huingia kwenye bahasha, ila humtaka mtu aliyefunzwa kutoboa. Pangusa tone la kwanza. La pili lijaze duara lililochorwa kwenye kadi kwa mguso mmoja. Ukiongeza tone juu ya tone, damu hurundikana na kipimo huharibika. Laza kadi kivulini angalau saa 3. Msimu wa masika, heri usiku kucha. Ikifungwa mbichi huota ukungu, hata ukitia pakiti ya kunyonya unyevu.

Kwa selimundu tungechagua kadi, maana huonyesha hemoglobini yenyewe (protini ya damu inayobeba oksijeni) pamoja na jeni. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3 atoe mate: hemoglobini ya mchangiaji hupotosha majibu.

Vyovyote vile, bandika namba, si jina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti.