Unataka kuhama mtandao? Soma hii kabla hujatuma HAMA kwenda 15080

Kila bando zikibadilishwa bei watu wanaanza kuulizana nihamie wapi, Yas (Tigo ya zamani) au Airtel, Halotel si ndo nafuu, Voda nao wamezidi. Mimi naona kabla hujauliza uende mtandao gani jiulize unahama kwa njia gani, maana hapa Tanzania njia ziko nne na hazilingani hata kidogo, kuna inayokuokolea hela na kuna inayokupotezea namba uliyokaa nayo miaka yote. Nazipanga kuanzia ile ninayoona inawafaa wengi mpaka ile ambayo nakuomba kabisa usiifanye.

1. Ongeza laini ya pili, ya zamani ibaki

Kwangu hii ndo ya kwanza na imeziacha mbali zingine. Simu nyingi siku hizi zinaingia laini mbili, hata vitochi. Laini ya zamani inabaki ya kupokea simu na ya hela, laini mpya inabeba bando. Watu wakikupigia wanakupata, benki wakituma ile namba ya siri ya kuingilia inakuja, na wewe intaneti unanunua kule kwenye unafuu.

Ukienda kusajili nenda na namba yako ya NIDA, utaweka dole gumba na laini inasomeka jina lako. Usikubali kabisa kuuziwa laini ambayo "imeshasajiliwa", hata wakala akwambie ni ofa, hiyo ina jina la mtu mwingine na siku akiifunga au ikifanyiwa utapeli huna pa kwenda. Ukishamaliza piga *106# uhakiki jina lililopo, na hapo hapo uangalie kama kuna laini nyingine zimesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Alafu ijaribu, na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanajaribu pale pale dukani penye mnara wanaona 4G imejaa wanaridhika. Ijaribu unapolala. Fikiria mtu anakaa Goba, Dar es Salaam, huku mabondeni, ukiwa barabarani juu mtandao unakimbia vizuri, ukishuka mpaka kwenye nyumba inabaki herufi E, yaani intaneti ya kujikokota, na simu ukipigiwa hupatikani, na jirani yake mwenye mtandao mwingine kwenye bonde hilo hilo anaangalia mpira kwenye simu. Kwahiyo nunua bando dogo tu la siku, kaa chumbani, fungua video saa 2 usiku mpaka saa 4 muda ambao kila mtu yuko hewani, alafu rudia kazini kwako na njiani kwenye daladala. Ukifanya hivo siku kadhaa utajua ukweli kuliko tangazo lolote.

2. Baki ulipo, badilisha bando

Wengi wanaotaka kuhama shida yao sio mtandao, ni namna wanavyonunua. Mtu ananunua bando la saa 24 kila siku mwezi mzima. Chukua mfano tu, bando la 1,000 kila siku kwa siku 30 ni 30,000, kaa chini uangalie kwenye menyu hiyo 30,000 au hata 20,000 ya mwezi inakupa GB ngapi. Gawanya bei kwa MB, na uangalie vizuri zile MB ni za nini, maana unaweza kuona "GB 2" kumbe sehemu yake ni ya usiku na nyingine ni ya mitandao ya kijamii tu, kwahiyo ya kutumia utakavyo mchana ni kidogo.

Dakika nazo hivo hivo. Kiwango ambacho mitandao inalipana kwa kupigiana kimeshushwa sana toka 2018, kwahiyo bando za mitandao yote siku hizi sio za kuogopa kama zamani. Kama watu wako wamegawanyika Voda, Airtel na Yas, nunua la mitandao yote uachane na habari ya kukata simu katikati.

3. Hama na namba yako

Hii imeanza Machi 2017 chini ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Unaenda kwa mtandao UNAOHAMIA, sio unaotoka, ukiwa na kitambulisho, unatuma neno HAMA kwenda 15080 na wanakupa laini mpya yenye namba ile ile. Ni huduma nzuri na nawashangaa wanaoiogopa, ila naiweka ya tatu kwasababu ya hela.

Namba inahama lakini akaunti ya hela haihami. Kama ulikuwa na M-Pesa inabidi utoe kila kitu kwanza, ulipe Songesha (ule mkopo wa M-Pesa) kama unadaiwa, alafu kule mpya ufungue Airtel Money au Mixx ya Yas upya, na historia yako ya mikopo unaanza sifuri. Salio la vocha na bando navyo vinabaki kule, vimalize kabla.

Alafu kuna hili la 075. Mtu akiona namba yako inaanza na 075 anajua ni Voda, kumbe ulishaenda Airtel. Anakupigia kwa dakika zake za Voda kwa Voda zinagoma, au yuko kwa wakala anataka kukutumia hela na wakala kwa mazoea anaenda M-Pesa moja kwa moja. Sio tatizo kubwa ila ukiwa mfanyabiashara mwenye wateja wengi litakusumbua. Na ukihama lazima ukae huko siku 30 ndo uhame tena, kwahiyo kama hujafanya lile jaribio la namba 1, subiri kwanza.

4. Kununua laini mpya na kutupa ya zamani

Jamani hii hapana. Namba isiyotumika muda mrefu mtandao unaichukua na kumuuzia mtu mwingine, na namba hiyo iko benki, iko TRA, iko WhatsApp, iko shuleni kwa mtoto. Siku moja mtu usiyemjua anapokea meseji za akaunti yako. Kama ni lazima uiache, zunguka kwanza kote huko ubadilishe namba ndo uizime.

Sasa mtandao upi?

Kama maisha yako yanategemea mawakala, Vodacom, M-Pesa ipo toka 2008 na wakala wake utamkuta hata pasipo na duka la maana. Kijijini ningejaribu Halotel kwanza, hawa ni Viettel ya Vietnam, walipoingia 2015 waliingia na vijijini moja kwa moja. Zanzibar angalia Yas, Zantel ya zamani iko humo humo. Mjini Airtel na Yas wanashindana sana kwa bando, hapo chumba chako ndo kitaamua. TTCL mimi naiona zaidi kwa faiba ya nyumbani.

Na kama unakaa kata ambayo mtandao ulikuwa hakuna kabisa, kajaribu upya usitegemee ulichosikia zamani, maana mkataba wa minara 758 vijijini ulisainiwa Mei 2023 na kuna sehemu mtandao uliokuwa haushiki sasa ndo unaoongoza. Azima laini ya jirani tu, weka kwenye simu yako, nenda nayo mpaka shambani.