Baraza la Kata na ugomvi wa wakulima na wafugaji Kilwa na Liwale: huduma nzuri kwa anayewahi

Tangu ng'ombe walipoanza kuswagwa kutoka bonde la Ihefu, mkoani Mbeya, kuja kusini mwaka 2006, vijiji vingi vya Lindi vimepata majirani wapya, na pamoja nao ugomvi mpya. Ufuta unaliwa, ng'ombe anakatwa panga, kisha watu wa kijiji kimoja hawazikani tena. Huduma iliyo karibu kabisa na shamba, ya kuwarudisha kwenye mkeka mmoja, ni Baraza la Kata. Hapa tunalipima kwa mashauri ya mifugo tu.

Tunalipendekeza kwa shauri lisilo na damu. Pakiwa na majeruhi, silaha au nyumba iliyochomwa, hilo ni la polisi, na baraza linalokubali "kuyamaliza kienyeji" linapanda kisasi cha msimu ujao.

Kwanza, mjue mnachokwenda kuomba. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 inalipa baraza kazi ya kuleta amani na maelewano ndani ya kata kwa njia ya usuluhishi. Kwa mashauri ya ardhi lina wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake. Usuluhishi wenyewe hukaliwa na watatu, angalau mmoja mwanamke. Tangu marekebisho ya 2021 halitoi tena hukumu ya ardhi. Likishindwa kupatanisha linatoa hati ya kushindwa, ndipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipokee shauri. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kuendelea bila hati hiyo. Mzozo wa nani mwenye haki ya eneo au malisho unapita njia hiyo. Mazao yaliyoliwa ni dai la fidia, na likishindikana linakwenda Mahakama ya Mwanzo. Watu wengi huyachanganya haya mawili, wakazungushwa ofisi hadi ofisi wakati ushahidi unafutika.

Ushahidi ndio unaoamua kama suluhu itadumu. Mvua moja ikinyesha, nyayo zimekwisha; siku tatu zikipita, kila upande una hesabu yake. Kwa hiyo siku hiyohiyo aitwe mwenyekiti wa kitongoji, afisa kilimo wa kata na mtu mzima kutoka boma (makazi ya wafugaji) linalotuhumiwa, wapime wakiwa pamoja. Kipimo kinachoeleweka na wote ni hatua: 70 kwa 70 za mtu mzima ni ekari moja. Eneo la hatua 35 kwa 28 ni hatua za mraba 980, yaani moja ya tano ya ekari. Halafu msihesabu eneo lote kama limeteketea. Chagueni sehemu tatu, kila moja hatua mbili kwa mbili, mhesabu mashina yaliyosimama na yaliyoliwa. Kwa korosho msipime ekari kabisa, hesabuni miti: kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari inabeba kama miti 28, na mche uliovunjwa si sawa na mti unaozaa.

Bei ndipo wengi wanapogombana upya. Mkulima analeta bei ya mnada wa stakabadhi ghalani, yaani wa mazao yaliyokusanywa ghalani, mfugaji anaona anaonewa, na kwa kiasi fulani ana haki. Bei ile ni ya ufuta uliokwisha kukatwa, kupepetwa na kufikishwa ghalani. Uliosimama shambani bado haujalipiwa vibarua wala usafiri. Toeni gharama hizo kwanza, na mtaona hasira zinashuka pande zote mbili. Umri wa zao nao usisahaulike, kwa kuwa ufuta wa wiki mbili unaweza kupandwa tena mvua ikiwepo, lakini ulioliwa ukiwa na vitumba msimu wake umekwisha.

Kasoro kubwa ya huduma hii ni wanaokaa mezani. Kata ikiwa na wajumbe wote wakulima, mfugaji anasaini ili aondoke tu, na karatasi ya namna hiyo haimfungi mtu moyoni. Sheria inataja idadi na jinsia, haitaji kazi ya mjumbe, basi wanaowachagua waangalie wenyewe kwamba boma nalo lina mtu. Lugha pia. Mzee wa Kimang'ati, jamii ya wafugaji, anayejibu "ndiyo" kwa kila swali huenda hakuelewa hata moja. Atafutwe mkalimani anayekubalika na pande zote, asiwe mtoto wa mlalamikiwa.

Kosa jingine ni kumsainisha mchungaji wa kuajiriwa. Huyo hana ng'ombe wala fedha. Asubirini mwenye mifugo, hata akija kesho yake. Hati ya makubaliano iandikwe nakala tatu, moja ya kila upande na moja ya baraza. Iseme kiasi, tarehe ya kila malipo (siku inayofuata mnada wa mifugo ndiyo yenye uhakika zaidi) na nani atashuhudia. Faini inayotozwa kwa sheria ndogo ni mapato ya serikali, si fidia ya mkulima. Kila mwaka wapo wanaodhani wamelipana kumbe aliyelipwa ni ofisi. Dai risiti kwa fedha yoyote.

Baraza haliwezi kuleta maji. Kama ng'ombe wanapita shambani kwa sababu hawana njia nyingine ya kufika mtoni, fidia itajirudia kila mwaka hadi mtu auawe. Hilo ni la mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu: utenge njia ya mifugo na mahali pa kunyweshea, uweke alama zinazoonekana, na uandike muhtasari. Mifugo iliyokaribishwa kwa mapatano ya faragha na kiongozi mmoja, bila mkutano huo kujua, ndiyo chanzo cha mashauri mengi tunayoyazungumzia. Kwa vijiji vya ufuta, njia ikubaliwe na kuwekewa alama kabla ya mbegu kuingia ardhini. Mazao yakishasimama, kilichobaki kuzungumza ni fidia.