Basilika ya Mtakatifu Antoni, Padua: msiende mbio mbio

Jamani ukifika Italia usiache kwenda Padua. Kuingia basilika ni bure. Nilianzia kaburini kwa Mtakatifu Antoni, unaweka kiganja kwenye marumaru ya kijani, baridi hiyo, mama mmoja mbele yangu kaegemeza picha ya mtoto wake pale analia kimya kimya, nikajikuta nalia na mimi. Halafu nenda Kikanisa cha Masalia (mabaki ya watakatifu) humo humo ndani, nyuma ya altare, ulimi wa Antoni uko kwenye chombo cha fedha kilichopakwa dhahabu, alikufa 1231, kaburi likafunguliwa 1263 wakaukuta haujaoza, ulimi wa mhubiri wapendwa! Hatuuabudu, tunamheshimu rafiki wa Mungu. Ila kampuni ya ziara iliyotupeleka ilitupa dakika 40 tu, haitoshi kabisa, bora upande treni mwenyewe usali mpaka uridhike.