Uzoefu wangu na kliniki moja binafsi ya misuli na mishipa ya fahamu jijini Mwanza

Ninaandika kwa ajili ya watu wazima ambao miguu yao inaishiwa nguvu polepole huku wakiambiwa kuwa ini ndilo bovu. Kwetu tuliokulia Ukerewe, vimeng'enya vya ini vikionekana juu, watu hufikiria kwanza kichocho au homa ya ini. Nami nilitibiwa hivyo kwingineko, kisha nikapewa predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa dhana kwamba kinga ya mwili inashambulia misuli yangu. Uso ukavimba, sukari ikapanda, nguvu zisirudi.

Daktari wa kliniki hii alianza na maswali: je, wazazi wangu wana undugu wa damu, na je, ujanani nilikuwa mchezaji mzuri? Aliniagiza nisimame kwa ncha za vidole vya miguu, nikashindwa, ingawa kwa visigino nilitembea bila shida. Ndipo akanieleza kuwa vimeng'enya vya AST na ALT, tunavyoviita vya ini, vimo pia ndani ya misuli, na misuli ikiharibika huvimwaga kwenye damu. GGT, kimeng'enya kingine ambacho huelekeza kwenye ini zaidi kuliko misuli, ilikuwa ya kawaida, ilhali CK, kimeng'enya cha misuli, ilizidi kiwango cha kawaida mara makumi. Kipimo hicho cha CK kingestahili kuwa cha kwanza.

Kabla ya kipimo ghali cha jeni, alituma matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi ili kuchunguza Pompe, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli kwa kukosa kimeng'enya fulani, kwa sababu huo una tiba ya kukirudisha kimeng'enya hicho tangu 2006. Haukuwa huo. Kipimo cha jeni, kilichofanyiwa nje ya nchi, kilionyesha hitilafu katika nakala zote mbili za jeni ya DYSF, inayotengeneza disferlini, protini inayosaidia kuziba matundu ya utando wa seli za misuli. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu wa misuli bado haipo, lakini predinisoloni nimeachishwa kwa utaratibu, nimepimwa moyo na pumzi, na nina ratiba ya mazoezi mepesi.

Ninachokilalamikia ni kwamba majibu yalichukua miezi, nikakabidhiwa mapokezi bila maelezo, na ili nielezwe nililipia miadi nyingine. Kwa maradhi ya kurithi, huo ni upungufu mkubwa, maana kila ndugu yangu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa nao, na kumpima hitilafu iliyokwisha kujulikana ni nafuu kuliko kuanza upya. Kwa utambuzi ninawapa nyota tano. Kwa ushauri wa familia, mbili.