Skana ya USB dukani kwa ami: nzuri sana, ila skripti yako ijipange

Nimekaa na hii skana ya bakodi (ile mistari myeusi ya kwenye pakiti) miezi mitatu sasa dukani kwa ami hapa Majengo, nimeona niieleze manake najua kuna wengi mwataka kujiandikia skripti ya mauzo bila kulipia programu kila mwezi. Ni ile ya waya, ya leza, tulinunua elfu tatu na mia mbili. Haitaki draiva wala nini, ukichomeka kwa laptopu ya Linux yajionyesha kama kibodi, ukipiga bakodi yaandika zile namba 13 halafu yabonyeza Enter yenyewe, kwa hivyo kwenye Bash (lugha ya amri za Linux) ni `read -r bakodi` tu, yasoma mstari mpaka Enter, kwisha.

Sasa sikiza. Ijumaa jioni foleni ya maziwa na mkate imefika mlangoni, skripti yangu kila bidhaa yauliza "Sawa? n/h" (ndiyo au hapana) na nilitumia `read -n1`, inayosoma herufi moja tu, ili ami asisumbuke na Enter. Ami hakungoja swali, akapiga pakiti ya pili. Bakodi nyingi za Kenya zaanza 616, basi ile 6 ikamezwa kama jibu, si n, mauzo ya kwanza yakafutwa, na tarakimu 12 zilobaki zikaingia kwa read inayofuata ikasema bidhaa haipo. "Mwanangu, mbona hii mashine yafuta pesa zangu?" na mteja kasimama pale na noti mkononi. Niliumia wallahi, manake skana haikua na kosa, kosa lilikua la skripti yangu.

Nikatoa `-n1`. Sasa jibu lasomwa mstari mzima, likiwa na tarakimu 13 najua ni bidhaa mpya, naikubali ile ya kwanza na mambo yanasonga. Pale pa kufuta risiti tu ndo nimewacha kitufe kimoja, lakini kabla ya kuuliza namwaga kwanza herufi zilobaki hazijasomwa: `while read -rsn1 -t 0.1; do :; done` (hio 0.1, sehemu ya sekunde ya kungoja, yataka Bash 4 kwenda juu).

Mimi naipa nne kwa tano. Moja nimekata kwa sababu mfuko wa mkate ukijikunja haisomi, ila hapo ami aandika namba kwa mkono na ile read yapokea vilevile. Na terminali (dirisha la skripti) iwe mbele kila saa, ukiwacha WhatsApp wazi namba zaenda kwa meseji.